Lebo Inayoitwa Kona

Riziki mwanangu,

Umevuka mto kwenda kuwaaga shangazi zako, na nawajua: hawatakuachia mpaka umekula kwa kila mmoja. Kwa hiyo nina jioni nzima. Mkoba wako umesimama karibu na mlango, umefungwa kamba ya mpira, na kila nikiinua kichwa ndio ninaouona kwanza.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala za wanaume wa Kinshasa. Hayo nimekuambia mpaka ukaziba masikio, na hilo la mwisho nililisema mbele ya Mama Zena, akacheka mpaka akamwaga chai. Nina jambo moja tu. Daktari alipozungumza habari ya moyo wangu ulikuwa umekaa pale pale, kwa hiyo sirudii. Kwa sababu ya maneno yale ulitaka kuiacha kazi ya Kinshasa. Nilikukatalia, na kesho uwanja wa ndege ukijaribu kulia nitakukatalia tena. Kufa kwenyewe siogopi sana, njia hiyo ni ya wote. Ninachoogopa ni namna habari itakavyokufikia wewe. Nakuona uko chumba cha kupanga, peke yako, unafungua kikasha chako cha barua pepe kama kila asubuhi, na habari yangu iko pale, katikati ya tangazo la viatu na barua ya mkubwa wako wa kazi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, na ndilo nataka tulipange mapema.

Nianze na kikasha, maana wewe ndiye uliyenifundisha. Unakumbuka ulivyokuja ofisini na nguo za shule, ukakaa kwenye kiti changu, ukaangalia barua zangu zilivyojazana kama mihogo iliyomwagwa chini sokoni? Ulisema, "Mama, hii njo barua ao njo kuni?" Ukanionyesha. Lebo ni jina unalolibandika juu ya barua ili ujue ni ya upande gani. Chujio ni agizo unaloliacha: barua ikitoka kwa fulani, au ikiwa na neno fulani ndani, iwekwe mahali fulani bila kuningoja mimi. Ulishangaa nilivyoelewa haraka. Tuliweka lebo ya Kazi, ya Familia, na ya Njia Yetu, kwa ajili ya majirani ambao siku zile hawakuwa na anwani zao, wakiazima yangu. Ukaniuliza kama kuna nyingine. Nikasema, weka Kona.

"Kona ya nini, mama?"

"Andika tu."

Ukadhani ni mchezo, ukaipaka rangi ya waridi. Mpaka leo ni ya waridi, sikuibadilisha. Kazi yake nilikueleza, ilinibidi. Ila lilikotoka jina lile hukuambiwa, wala hukuambiwa kwa nini niliitaka siku ile ile.

Wakati wa vita sikuwa sekretari. Nilikuwa mtu wa foni, ile redio ya kusemeshana na miji na vijiji. Tulikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka, hapa hapa Kasuku, mtaa wetu wa Kindu, na ndani mlikuwa na redio, betri ya lori, na meza iliyokatika mguu. Treni ilikuwa haiji. Mashua zilikuwa haziji. Barabara zilikuwa za baiskeli na za wenye bunduki. Mtu akitaka kujua kama mama yake wa Lokandu bado yu hai, alikuja kwangu. Asubuhi na jioni tulikutana hewani, sisi wa Kindu na wenzetu wa Lokandu, wa Kibombo, wa Tunda, kila mmoja akamwaga aliyo nayo. Mimi niliandika kwa penseli, kisha nikatundika karatasi kwenye ubao wa misumari. Kila njia ya mji ilikuwa na msumari wake. Watu walikaa nje kwenye benchi, nami nikitoka na karatasi mkononi shingo zote zilirefuka.

Msumari mmoja ulikuwa pembeni kabisa, karibu na dirisha. Huo haukuwa wa njia yoyote. Karatasi za pale nilizikunja mara mbili, na hazikusomwa kwenye benchi.

Wewe umekua katika mji wenye simu, kwa hiyo nikueleze jambo ambalo kwetu sisi wakubwa halielezwi. Habari ya kifo haipewi mwenyewe. Inapewa jirani. Jirani anamwita jirani mwingine, mmoja anachukua mkeka, mmoja kuni, mmoja anambeba mtoto wa mwenye msiba ampeleke akalale kwingine. Ndipo wanakwenda. Mwenyewe akifungua mlango na kuona watu wamesimama, ameshajua kabla hajaambiwa neno, na akianguka mikono iko tayari. Sisi wa foni tulikubaliana kulinda desturi hiyo hata hewani. Kila mtu alikuwa anasikiliza mawimbi yale, askari na wafanyabiashara, na pengine mwenye msiba alikuwa amekaa kwenye benchi langu, sikio ukutani. Kwa hiyo hatukusema fulani amekufa. Tulisema amezidiwa. Ukisikia amezidiwa, unakunja karatasi mara mbili. Neno hilo nililipendekeza mimi.

Jioni nikifunga chumba nilizichukua karatasi za kona, nikawapelekea majirani. Ofisini mkubwa mmoja, mtu wa mbali, aliwahi kuniambia kwamba huko ni kuchelewesha ukweli. Sikubishana naye. Alikuwa mtu mwema, ila hajawahi kuuona uso wa mtu anayeambiwa peke yake.

Baba yako Ramazani alikuwa akisukuma baiskeli. Hukumjua, unaijua picha tu, ile amesimama na baiskeli iliyojaa magunia mpaka yeye mwenyewe haonekani vizuri. Alipeleka chumvi na sabuni Tunda, akarudi na mchele na mafuta ya mawese. Kwenda na kurudi kulimla miguu. Alikuwa mtu wa utani. Alisema baiskeli ile ni mke mkubwa, mimi ni wa pili, kwa sababu yeye anamshika baiskeli siku nyingi kuliko mimi. Safari ile ya mwisho ulikuwa hujaanza kutambaa. Nilifanya kazi nawe mgongoni, na wateja walizoea kusikia sauti yako ikichanganyika na ya redio.

Jioni moja Tunda wakaingia hewani. Alikuwa Omari, mtu wa foni wa kule, ambaye sikuwahi kumwona kwa macho. Yeye hakujua jina la nyumbani kwangu wala la mume wangu. Kwake mimi nilikuwa Kindu tu.

"Kindu, Kindu, Tunda hapa. Uko na kalamu?"

"Niko nayo. Sema."

"Kwa familia ya Ramazani, ule wa baiskeli, njia ya nyuma ya soko, Kasuku. Ramazani amezidiwa. Njo homa. Watu wa hapa walimusaidia, hawakuweza. Familia ijulishwe polepole. Umepata?"

"Nimepata. Bien reçu."

"Kuko ingine kwenu?"

"Hapana kuko."

Niliandika kila neno, Riziki. Hata "polepole" niliiandika. Nikakunja karatasi mara mbili, nikaitia kwenye msumari wa kona. Wewe ulikuwa unatafuna ncha ya kitenge changu. Baadaye kidogo Kibombo wakaingia na habari ya msichana aliyejifungua salama, na mama yake alikuwa nje kwenye benchi. Nikatoka, nikamsomea, akaruka, akanikumbatia, nami nikapiga vigelegele pamoja naye. Mpaka leo sijui vigelegele vile nilivitoa wapi.

Katikati yangu na karatasi ile hapakuwa na jirani. Nani ampelekee habari mpelekaji? Nilifunga chumba, nikachukua karatasi za wengine, nikawapelekea majirani zao kama kawaida. Ile yangu nikaiacha kwenye msumari. Nikarudi nyumbani, nikatwanga majani ya mihogo, nikapika sombe. Kesho yake nikaenda kazini. Nilijiambia leo hapana, kesho, na kesho ikifika nikajiambia vile vile. Shangazi yako Halima akavuka mto kuja kuuliza habari za kaka yake. Nikamwambia hatujapata neno. Nilimwangalia machoni nikamwambia hivyo, kisha nikampakulia chakula.

Ukashikwa na homa. Nikabaki nawe nyumbani, mwenzangu wa zamu akakaa kwenye redio. Siku hiyo Omari akauliza kama familia ya Ramazani imejulishwa. Mwenzangu hakuwa na habari. Akatazama msumari wa kona, akakuta karatasi moja, akaikunjua, akaona mwandiko wangu.

Jioni akaja na wanawake wa njia yetu. Mama Zena alikuwepo, bado kijana, na mkeka kichwani. Nilifungua mlango na mwiko mkononi. Nilikuwa naijua habari ile kuliko wao wote, nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini nilipowaona wamesimama pale, nilianguka. Wakanishika. Nililia usiku ule kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza, na nadhani kweli nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza.

Shangazi Halima alifika asubuhi. Mtu alikuwa ameshamweleza habari ya karatasi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Ulijua? Ulijua, na ulikuwa unapika sombe?"

Wewe anakupenda, unajua, na ndiye aliyekulipia mwaka wa mwisho wa shule. Mimi tangu siku ile ananisalimia kama mtu anayepita. Watu walinisifu kwamba nina moyo mgumu, kwamba nilifanya kazi ya watu huku nimebeba yangu. Usiamini sifa za namna hiyo wakikupa. Ule haukuwa ugumu. Niliogopa kwamba nikilisema neno lile kwa mdomo wangu, Ramazani hatarudi tena na mchele.

Miaka ikapita, vita vikaisha au vikasogea, mimi nikapata kazi ya kupiga mashine ofisini, na ndugu waliotawanyika wakaanza kunitafuta kwa barua pepe. Asubuhi moja nikafungua kikasha. Juu kulikuwa na mwaliko wa mkutano, chini yake barua ya kwamba kaka yangu mkubwa amefariki. Neno lenyewe, wazi, na jina lake. Nikasoma, nikainuka, nikawapikia wageni kahawa. Nilikuwa nimeshashika sinia ndipo nilipojiona. Nikasema, mama weh, nimerudi kwenye sombe.

Siku hiyo ndiyo uliyokuja ofisini na nguo za shule.

Najua nilikutwisha kazi ya watu wazima. Chujio tulilipa maneno ya msiba: barua yenye neno kama hilo isiingie kwenye kikasha changu, ipewe lebo ya Kona, na nakala yake itumwe kwako, kwenye anwani uliyofunguliwa shuleni. Mama Zena wakati ule hakuwa na simu ya maana, na wewe mguu wako ulikuwa mwepesi. Nilikuambia ukipata barua ya hivyo usiniletee mimi, mpelekee yeye. Hukuuliza sana. Ulikuwa mtoto wa kuelewa kwanza na kuuliza baadaye.

Ila kosa la neno "pole" lilikuwa langu. Nililiweka mwenyewe ukiwa umekwenda kunywa maji. Nilisahau sisi ni watu gani! Pole na kazi, pole na safari, pole na jua, pole na mtoto, hata mtu akikukanyaga anakupa pole na wewe unamrudishia. Unakumbuka upepo ulivyong'oa mabati ya jikoni? Mjomba wako Juma akaandika kutoka Kalemie: "Pole sana dada, tumesikia. Jikaze." Chujio likaikamata, likakutumia. Hukusoma mpaka mwisho, ukakimbia kwa Mama Zena. Nami niko ndani nakinga maji kwa sufuria, nasikia hodi, nafungua, naona njia nzima imesimama. Mikeka. Kuni. Mzee wa msikitini na kofia yake.

"Nani?" nikauliza. "Nani?"

"Mama Riziki, kaa kwanza," Mama Zena akasema.

"Nikae wapi? Mvua iko inaingia ndani!"

"Jikaze, dada. Juma aliandika."

"Juma amefanya nini?"

Mkatazamana. Ukatoa simu, ukasoma barua yote kwa sauti, na sauti yako ikazidi kupungua kadiri ulivyokaribia habari ya mabati, mpaka mzee wa msikitini akavua kofia akaanza kucheka. Mama Zena alikuwa na hasira. "Sasa kuni tumekwisha kuleta," akasema. "Hatuzirudishi. Tupike." Wakapika. Tulikula chini ya paa linalovuja, na kesho yake wanaume waliokuja kwa matanga wakapanda juu wakapigilia mabati. Usiku huo tulifuta "pole" na "jikaze" kwenye chujio, tukaacha maneno ambayo mtu hayaandiki kwa mchezo.

Na Juma alipofariki kweli, chujio lilifanya kazi yake. Nilisikia hodi, nikafungua, nikamwona Mama Zena na wawili wengine, na wewe nyuma yao na viatu vya shule, uso wako umejaa habari. Mlinishika. Sikupika kitu siku hiyo. Sijui kama nimewahi kukushukuru kwa hilo. Ahsante, mwanangu.

Sasa unakwenda. Nilikuambia mara nyingi utoe anwani yako kwenye chujio langu, uweke ya Mama Zena, nawe ukasema kesho mama, kesho mama. Leo nimefanya mwenyewe. Mashine inataka kuhakikisha anwani mpya, inampelekea mwenyewe namba za siri, basi Mama Zena akaja kwenye ua na simu yake mpya ameishika mbali na macho.

"Mama Riziki, iko namba hapa!"

"Nisomee."

Akasoma moja moja kama anayehesabu mayai. Kisha akauliza, "Na hii njo ya nini?"

"Ya siku utakayokuja na mkeka."

Akarudisha simu kifuani. "Basi," akasema, "iko sawa." Akakaa nami pale kwenye ua kidogo.

Nikabonyeza kuhifadhi. Jina lako likatoka. Ni kitu kidogo, mstari mmoja ndani ya mashine, lakini nilikaa mbele yake mpaka kioo kikajizima. Nimekuwa na upweke zamani, Riziki, ila nilikuwa nawe ndani ya nyumba. Huu utakuwa wa aina nyingine na sijaujua bado. Kesho nitarudi kutoka uwanja wa ndege, nitafungua mlango, na hakutakuwa na mtu wa kumwambia jua limekuwa kali. Sikuandikii haya ili ubaki. Nakuandikia kwa sababu ni kweli, na sitaki tena kukaa na kitu cha kweli peke yangu nikisema hatujapata neno.

Basi, upande wako. Tengeneza Kona yako. Rangi chagua mwenyewe. Chujio lako liwe na maneno ya kwetu yote, na uyaandike kila moja peke yake: amezidiwa, kazidiwa, alizidiwa, amefariki, msiba, matanga. Mashine haijui kwamba hayo ni ndugu. Iambie ipitishe barua hizo pembeni ya kikasha, isikuonyeshe, na hiyo lebo uifiche kwenye orodha ili siku moja usiione imenenepa kwa barua ambayo haijasomwa. Nakala iende kwa Beatrisi, huyo binti mtakayepanga naye. Mwambie kabla, usimshtukize mtoto wa watu. Kiswahili hajui, lakini mfundishe neno hilo moja, amezidiwa, mpaka alitamke vizuri. Matanga huna haja ya kumfundisha; kwa Kilingala wanalo neno hilo hilo, na kukaa na mfiwa wanajua kama sisi. Mwambie akipata barua ya hivyo asikutumie na asikupigie. Atafute mtu mwingine mmoja au wawili, mama mwenye nyumba, au mwenzako wa kazi mnayeelewana, kisha waje ulipo. Hata kama uko kazini, waje.

Utasema, mama, siku hizi watu wanapiga simu. Wanapiga, ndiyo, na simu ni mbaya kuliko barua, inakuingilia sikioni ukiwa unavuka barabara. Kwa hiyo nimezunguka kwa kila mtu anayeweza kukupigia. Mama Zena amekubali. Watoto wa Juma wamekubali. Na wiki iliyopita, siku niliyokuambia nimekwenda kununua samaki, nilivuka mto kwenda kwa Shangazi Halima.

Tulikuwa hatujawahi kuongea habari ile tangu asubuhi ile. Nilikaa kwenye kiti alichonipa. Nikamwambia moyo wangu ulivyo, nikamwambia unakwenda, nikamwambia habari ya Kona na ya neno lile. Nilimwomba siku hiyo ikifika asikupigie, aandike. Alikuwa anaparua samaki, hakuacha kuparua.

"Nitaandika," akasema. "Sitamupigia."

Nikamshukuru, nikainuka. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliposema, bila kuinua kichwa, "Wewe, hapakuwa mutu wa kukuletea."

Nikasimama.

"Niliwaza hiyo siku nyingi," akasema. "Kila mutu alikuwa na wewe wa kumuletea. Wewe hapana." Kisha akanifungia samaki kwenye jani, wale tuliokula Jumamosi ukasema wana chumvi nyingi. Usimwambie nimekuandikia hili. Akitaka kukuambia, leo atakuwa amekuambia mwenyewe.

Hata mimi nimefikiri tena maneno yake. Si kweli kwamba hapakuwa na mtu kabisa. Siku ile chumbani nyuma ya duka, Omari alipokuwa anasema na mimi naandika, wewe ulikuwa mgongoni, unatafuna kitenge. Hukujua kitu, lakini ulikuwa na joto, na uzito wako ulinizuia nisianguke mbele. Hicho ndicho ninachokuombea kwa Beatrisi, mtu wa karibu tu, hata kama haelewi maneno.

Labda unashangaa kwa nini nimeandika kwa kalamu, mimi niliyesahau kushika kalamu. Fikiri. Barua hii ina kila neno lililoko kwenye chujio. Ningeituma kwa mashine, ukishapanga Kona yako ingekwenda moja kwa moja kwa Beatrisi, na maskini wa watu angekusanya mtaa mzima wa Kinshasa kuja kukulilia, mimi nikiwa hapa nakunywa chai. Yaliyotupata na mabati yanatosha. Nitaitia karatasi hii ndani ya mkoba, chini ya viatu, na utaikuta ukifika.

Mimi mwenyewe maneno yale sitakuandikia tena kamwe. Ukiugua sitaandika umezidiwa, jirani akifiwa nitatafuta njia nyingine ya kusema. Kwa hiyo barua yangu ikiingia kikashani kwako yenyewe, imenyooka, hakuna aliyebisha hodi, ujue nipo. Nitakuandikia kila Ijumaa. Nitakuambia bei ya samaki wa Lokandu, na kama mvua imenyesha, na Mama Zena amegombana na nani, na mbuzi wa nani ameingia bustanini. Barua za ovyo, zisizo na kitu ndani. Usiziwekee chujio wala lebo. Ziache ziingie na vitu vingine vyote.

Siku mlango wako ukibishwa hodi na ukamkuta Beatrisi amesimama na watu, usiulize nani. Wafungulie, waingie, uwaache wakushike.

Lakini zile za Ijumaa, mwanangu, hizo zisome peke yako.

Mama yako